Kampuni Iko mu Majaribu

Directeur wetu hakula mawese. Tumbo lake lilikuwa limeyakataa tangu zamani, na kwenye misiba akina mama walimwekea pembeni sahani yake ya sombe, majani ya mihogo, isiyo na mafuta, ya kijivu, ya kusikitisha, naye aliila kwa heshima zote akiwa ameshika tai isiguse mchuzi. Nalisema hili kwanza kwa sababu leo kila anayemtaja pale mtaani kwetu Vulamba humtaja kwa mafuta. Ni yeye aliyetufanya tukusanye mawese, bidoni juu ya bidoni, mwaka baada ya mwaka, kwa ajili ya kampuni ambayo hadi leo haijauza hata tone moja.

Nilifundisha chini yake miaka mingi. Alikuwa mkuu wa shule ya msingi ya kanisa, na mimi nilikuwa na darasa la pili. Aliniita Madame hata tulipokuwa wawili tu ofisini, nami nilimwita Directeur hata nilipomkasirikia. Nilimkasirikia mara nyingi, na nitasema kwa nini, lakini kwanza nimtendee haki.

Alikuwa bahili wa chaki. Kila asubuhi alitugawia vipande kama muuguzi anayegawa vidonge, na mchana alivipokea tena akivipima kwa jicho. Mwalimu wa darasa la tano aliwahi kuandika kichwa cha somo kwa herufi kubwa mno, akasemwa wiki nzima. Lakini baiskeli yake, kitu cha pekee cha maana alichokuwa nacho, ilikuwa ya watu wote. Ilibeba wagonjwa, ilibeba mihogo, ilibeba hata bibi harusi mmoja, na siku iliporudi bila gurudumu la mbele hakugombana na mtu. Alisema, "Point, à la ligne," akaanza kwenda kwa miguu. Hayo yalikuwa maneno yake ya imla, nukta na mstari mpya, na aliyatumia kufungia kila kitu: mkutano, ugomvi wa wazazi, hata mvua ilipovujia darasani.

Aliwachapa watoto waliozungumza Kinande, lugha yetu ya nyumbani, shuleni kwa sababu, kwa maoni yake, shule ilikuwa mahali pa Kifaransa. Kisha ungepita karibu na ofisi yake saa ya mapumziko ukamsikia anaomba, kwa Kinande, kwa sauti ya mtu aliyeshikwa na njaa. Nilimuuliza siku moja kama Mungu hajui Kifaransa. Alicheka mpaka akavua miwani.

"Anajua, Madame. Mais ni mimi hapana jua nitamuambia nini mu Kifaransa."

Alikuwa anajidharau bure. Kifaransa chake kilikuwa kizuri kuliko cha yeyote kanisani, na ndiyo maana kampuni ilipofika, yeye ndiye aliyekabidhiwa barua zake.

Ilifika mjini kwetu Butembo wakati wa vita. Mazutu, dizeli ya kuendeshea malori na jenereta, yalitoka ng'ambo kupitia mpaka wa Kasindi, yakapita kizuizi baada ya kizuizi, na kila kizuizi kilikuwa na askari wake wenye njaa, kwa hiyo yalipotufikia yalikuwa ghali kama dawa. Ingénieur wa kampuni, mhandisi mrefu kutoka mkoa mwingine, alisema mawese yanaweza kufanya kazi ya mazutu. Alileta jenereta uwanjani mwa kanisa, akamimina mafuta mekundu yale yale ya jikoni, akavuta kamba. Ikanguruma. Balbu moja ikawaka mchana kweupe, na uwanja mzima ukanukia kama mtu anakaanga mikate. Watu walipiga makofi na vigelegele. Nilipogeuka nilimwona Directeur analia waziwazi, tai mkononi.

"Vita hii inakunywa mazutu," aliniambia tukirudi darasani. "Ule mwenye kufunga barabara ya Kasindi, anatufunga shingo. Siku tutakuwa na mazutu yetu wenyewe, Madame, hatutangojea mutu."

Sikuwahi kumsikia mtu mwingine akiwaza vita kwa namna hiyo. Sisi tulikuwa tunahesabu waliokufa na waliohama, na yeye alikuwa anatafuta pa kuikaba. Hata sasa, na hasira zangu zote, siwezi kusema lilikuwa wazo la kijinga.

Mafungu ya kampuni, yaani hisa zake, hayakununuliwa kwa noti. Fungu moja lilikuwa bidoni moja ya mawese kila mwezi, lita ishirini, ipelekwe kwenye depo nyuma ya kanisa, nawe ukapewa karatasi yenye muhuri. Mikataba ikishasainiwa, mmoja na wenye ndege za uwanja wa Mavivi, mwingine na wenye malori ya kahawa, mafuta yangeuzwa na kila mwenye fungu angepata sehemu yake. Mama yangu alichukua fungu. Alikuwa mjane, na alikuwa na michikichi Kalunguta, kwenye shamba la marehemu baba, alilolikimbia nyumba yake ilipochomwa akaja kukaa nami Vulamba. Butembo kuna baridi, michikichi haizai huku. Mwenye kutaka mawese sharti ateremke. Michikichi ya mama ilikuwa michache, na bidoni haikujaa kwa safari moja. Basi kila Jumatano yeye na wanawake wengine wa kanisa waliteremka Kalunguta kwa miguu, wakakata, wakachemsha, wakakamua, na Alhamisi wakapanda tena na mafuta mgongoni, kamba ikiwa imekaza kwenye paji la uso. Njia hiyo ilikuwa na watu wenye bunduki, na mara nyingi hatukujua ni wa nani.

Shida ya kwanza ilikuwa hiyo baridi yetu. Asubuhi mafuta yaliganda ndani ya mipira ya jenereta, mashine ikakohoa, ikazimika. Wenye malori wakasema hawatasaini mpaka waone inawaka asubuhi. Barua ya kampuni ikaja, ikisema kwa Kifaransa kwamba sasa iko "en phase d'essais", maana yake wanaifanyia mashine vipimo. Jumapili baada ya ibada Directeur alisimama mbele ya wenye mafungu, akasafisha koo, akafasiri.

"Bandugu, kampuni iko mu majaribu."

Asiye wa kanisa letu hawezi kujua neno lile lilifanya nini. Kwetu majaribu hayahusu mashine. Majaribu ni yale ya Ayubu, Shetani amepewa ruhusa na wewe umeambiwa ushikilie. Bibi mmoja mzee wa mbele, ambaye wote tulimwogopa kidogo kwa maombi yake, akasema, "Amina." Wengine wakaitikia Amina, na mama wa kwaya akaanzisha wimbo pale pale. Niliona macho ya Directeur yakitoka kwenye karatasi yakaenda kwa watu, yakarudi kwenye karatasi. Alifungua mdomo. Lakini wimbo ulikuwa umeshika, na watu walioamka wakinung'unika walikuwa wanaimba wamefumba macho. Akakunja barua, akaitia mfukoni.

"Nilitaka kurekebisha," aliniambia kesho yake. "Mais uliona vile balifurahi?"

"Ile haikukuwa furaha, Directeur."

"Donc ilikuwa nini?"

Kengele ikalia, nikaenda darasani.

Tangu siku ile hakuna aliyeuliza kitu. Mkataba wa ndege ukaahirishwa kwa sababu mwenye kusaini alikuwa safarini Kampala, watu wakasema ni majaribu. Mkataba wa malori ukaahirishwa kwa sababu mapigano yalikuwa yamesogea barabarani, wakasema ni majaribu. Ingénieur akapanda ndege Mavivi kwenda kuonana na wakubwa wake, akaahidi kurudi baada ya siku kumi, na baada ya hapo tuliona barua zake tu. Watu wakaanza kufunga kula kila Ijumaa kwa ajili ya kampuni. Nilizoea kufikiri kwamba mtu aliyedanganywa hukasirika. Sikujua kwamba anaweza kupiga magoti.

Fundi cherehani mmoja wa mtaani kwetu alichoka mapema. Alichukua bidoni zake deponi, akaziuza sokoni, akawanunulia watoto wake unga na samaki wa chumvi. Mtaa mzima ukamwita "ule alianguka". Mke wake aliacha kuja kanisani kwa haya. Nawaambieni, ndiye mtu pekee aliyewahi kula faida ya kampuni ile, na nilipopita mlangoni kwake nilimsalimia kwa sauti ya juu makusudi, ili majirani wasikie.

Mafuta mengine yote yakachacha. Ukipita nyuma ya kanisa ulifunika pua. Siku moja askari waliingia wakitafuta cha kuchukua, wakamkuta Directeur amesimama mlangoni mwa depo na tai yake.

"Vieux, mafuta oyo ya nani?" mmoja akauliza kwa Kilingala.

"Ya batu," akajibu. "Iko mu majaribu."

Askari alichovya kidole, akaonja, akatema mate hadi kwenye viatu vya mwenzake, wakaondoka wanatukana. Directeur alinisimulia kisa hicho kwa siku nyingi, kila mara akiigiza yule wa viatu, na kila mara akimaliza kwa kicheko kilichokuwa kinapungua.

Je, yeye mwenyewe aliamini? Nimejiuliza mara nyingi. Hakuwa na michikichi, wala serikali yoyote haikuwa inamlipa mshahara. Wazazi wasio na ada walimletea mafuta, na yote aliyapeleka deponi kwa jina lake, nyumbani mke wake akipika kwa chumvi na maji. Alimwandikia ingénieur kwenye karatasi za daftari la shule, yeye aliyetunyima chaki, akikosoa sarufi ya barua zilizotangulia na kuuliza tarehe. Nadhani aliamini asubuhi na akaacha kuamini mchana, na Jumapili ilipofika hakuwa na nguvu ya kumwonyesha mtu uso wake wa mchana.

Kisha Alhamisi moja mama wa kwaya, yule aliyeanzisha wimbo, hakurudi kutoka Kalunguta. Waliokuwa naye walisema watu walitokea kwenye majani marefu, wakachukua mafuta, wakamchukua na yeye. Alipatikana siku ya tatu. Kwenye mazishi mhubiri alisema dada yetu ameyashinda majaribu, na mama yangu akatikisa kichwa kukubali. Nilimtazama mama pale, miguu imepasuka kwa njia, kamba imemwachia alama ya kudumu kwenye paji la uso, na nikaona wazi kwamba Jumatano ataenda.

Sikwenda kula chakula cha msiba. Nilikwenda ofisini kwa Directeur na sikukaa.

"Directeur, ubaambie."

"Nibaambie nini?"

"Kama kampuni imekufa."

Alitazama sanduku lake la chaki. "Barua ya mwisho inasema bado kidogo."

"Ile ya mwisho ilikuya wakati gani?"

Akalifunga sanduku. Nje watoto wa darasa la tatu walikuwa wanaimba jedwali la kuzidisha.

"Mama yangu iko naenda kule juu ya neno moja ulifasiri mubaya," nikamwambia. "Nilimukataza. Nilifunga mulango, nililia mbele yake. Ananiambia niko nataka kumuangusha. Mimi hanisikie. Ni wewe anasikia."

Alivua miwani akaifuta kwa ncha ya tai, akaifuta tena. "Madame, nikibaambia vile, batabakia na nini?"

"Batabakia bazima."

Niliona limempata. Alivaa miwani, akasema ndiyo, Jumapili. Sikumwamini, kwa kuwa alikuwa ameshatuambia Jumapili nyingi. Lakini Jumapili alisimama, bila karatasi yoyote mkononi, na ninaapa sijawahi kumsikia mwalimu akifundisha wazi kuliko alivyofundisha siku ile.

"Bandugu, mimi njo nilikosa. Ile barua haikusema majaribu. Ilisema banapima mashini. Kupima, basi, sawa vile unapima chumvi mu chakula. Shetani hakuko mule. Mungu pia hakuko mule. Ingénieur hatarudia. Contrat hakuna. Mukamate mafuta yenu, mama zangu, na mubakie ku nyumba. Kalunguta, hapana kwenda tena."

Nje kuku walikuwa wanalia. Mimi nilikuwa nimemshika mama mkono, na kwa muda mfupi, labda wa pumzi mbili, niliamini tumepona. Kisha yule bibi mzee wa mbele akainuka polepole, akamwendea.

"Wasingya, Tata Directeur," akamshukuru kwa Kinande, kwa upole kabisa. "Hata Petero alikana. Sisi tutakuombea."

Wakamzunguka. Mama alitoa mkono wake katika wangu, akaenda pamoja nao, akauweka juu ya kichwa cha mkuu wangu wa shule, na machozi yalimtoka kwa kumwonea huruma. Directeur alikuwa amepiga magoti katikati yao kwa sababu walikuwa wamemkandamiza, na alirudia mara mbili, "Mais munisikilize," bila mtu kumsikiliza. Wiki hiyo hiyo walimnyang'anya barua zote, wakampa shemasi anayesoma Kifaransa kidogo.

Baada ya hapo alikonda. Aligawa chaki bila kupima. Mwalimu wa darasa la tano aliandika herufi kubwa kadiri alivyotaka, na hakuna aliyefurahi.

Mara ya mwisho kuzungumza naye ilikuwa asubuhi, mwisho wa mji, pale barabara inapoanza kuteremka kuelekea Kalunguta na Beni. Nilikuwa namsindikiza mama, jambo nililolifanya kila Jumatano, nikibembeleza njia nzima kama mtoto anayeomba asiachwe. Directeur alikuwa amesimama kwenye matope, amefunga tai yake upya. Alikuwa anamzuia kila mwanamke aliyepita.

"Mama, rudia ku nyumba. Nakuomba."

"Wavukire, Tata Directeur," walimsalimia, wakainamisha kichwa kwa heshima ile ile ya siku zote, wakampita.

"Hii ni Jumatano ya ine niko nasimama hapa," aliniambia. Midomo yake ilikuwa imekauka. "Madame, nimefundisha vocabulaire maisha yangu yote. Kupima. Herufi sita. Mutoto wa darasa lako angelipata."

"Angelipata," nikasema. Ningeweza kumfariji. Sikutaka.

Alikubali kwa kichwa, kama mtu aliyepewa alama zake za mtihani na kuziona ni za haki. Kisha akamgeukia mama yangu. "Maman, leo hapana kwenda."

"Nitaenda, Tata. Bado kidogo tu bidoni inajaa."

"Basi leta, nitakubebea."

Mama alikataa, maana mkubwa kama yule habebi bidoni ya mwanamke. Akasisitiza. Mama akampa, na uso wake ulichangamka vile sikuwa nimeuona tangu baba afe. Nilielewa anachofikiri, kwamba ndugu aliyekana amerudi. Directeur pia alielewa. Alinitazama juu ya bega lake.

"Rudia ku masomo, Madame. Batoto bako nakungojea."

Nilirudi. Nilikuwa na darasa lililojaa na mkuu wa shule hayupo, na nilijiambia kwamba mtu mwenye akili amekwenda na mama. Kutoka juu niliwaona wanateremka, yeye bado anazungumza, kidole juu, anavyofanya akisomesha imla, na mama anamsikiliza anacheka kidogo.

Alhamisi mama aliingia peke yake. Bidoni ilikuwa mgongoni kwake, imejaa. Aliitua, akanawa uso, ndipo akanieleza. Walipokuwa wanarudi, karibu na mto, risasi zililia mbele yao. Directeur aliwalaza wanawake wote katika mihogo, akawaambia wasiinue kichwa, kisha akatoka njiani mikono juu kuwaendea wale watu, akiwazungumzisha.

"Alibaambia nini?"

"Sijue. Alisema Kifaransa."

Walimpiga risasi palepale. Kisha wakaondoka bila kuingia kwenye mihogo.

"Alirudia mu imani, mwali wangu," mama akasema. Macho yake yalikuwa makavu na yaling'aa. "Alibeba mafuta na mikono yake mwenyewe. Mungu amemupokea."

Nilimwambia mama kwamba Directeur alikwenda kwa sababu yake yeye, kwamba alitaka kumrudisha nyumbani, kwamba ndicho kitu pekee alichokuwa anataka. Nilimwambia kwa Kiswahili, nikamwambia kwa Kinande. Alinishika mkono akaupapasa kana kwamba nina homa.

Tulimzika Jumamosi na tai yake. Mhubiri alisema yale yale aliyoyasema kwa mama wa kwaya, na wanawake aliowalaza kwenye mihogo waliimba vizuri kuliko siku zote. Fundi cherehani alisimama mbali, nje ya ua, nami nikaenda kusimama naye.

Jumatano iliyofuata nilimkuta mama uani anaosha bidoni nyingine kwa majivu na maji ya moto. Hakunitazama. Sikumkataza, nilikuwa nimeshasema kila nilichojua kusema, na yule ambaye wakati fulani alisikilizwa kuliko mimi alikuwa ameshasema pia. Nilimtuma jirani shuleni awaambie darasa la pili wakae na darasa la tatu leo na kesho. Kisha nikamwambia mama aningoje nivae viatu.